Ndigana Kali ni Ugonjwa wa Kuhesabu Siku: Somo kwa Wafugaji wa Kata za Nyamagana

Katika kata za pembezoni mwa Wilaya ya Nyamagana, kama vile Buhongwa, Lwanhima, Kishili, Luchelele na Igoma, ng'ombe mmoja au wawili walio nyuma ya nyumba ndio akiba ya kaya nyingi. Maziwa ya asubuhi hunywewa na watoto, na yanayosalia huuzwa kwa majirani. Ndama akikua hulipa ada ya shule au humalizia chumba kilichokwama kwenye linta. Kwa kaya ya namna hiyo, ng'ombe anapokufa, mpango mzima wa mwaka huanguka pamoja naye.

Chukua mfano wa mfugaji anayenunua mtamba chotara na kumleta nyumbani siku ya Jumatatu. Mtamba ni mzuri, manyoya yanang'aa, na kwa kumtazama kwa mbali haonekani kuwa na kupe. Mwishoni mwa wiki ya pili anaanza kususa majani. Chini ya sikio kuna uvimbe unaolingana na limau. Jirani mmoja anashauri uvimbe huo uchomwe kwa chuma cha moto, kwa kuwa ndivyo wazee walivyofanya. Mwingine analeta chupa ya oksitetrasaiklini iliyobaki baada ya kumtibu mbuzi wake, na mtamba anachomwa sindano. Siku ya tano tangu aache kula, mtamba anapumua kwa shida na povu jeupe linamtoka puani. Hapo ndipo afisa mifugo anapigiwa simu. Anafika akiwa na dawa sahihi, lakini mapafu ya mtamba yamekwisha kujaa maji.

Kila aliyeshauri katika mfano huu alikusudia mema, na fedha ya matibabu ilikuwapo. Walichokikosa ni siku tano. Ndigana kali ni ugonjwa unaokwenda kwa ratiba, na mfugaji anayeifahamu ratiba hiyo huweza kuukatiza katika hatua tatu: kabla kupe hajauambukiza, mara dalili ya kwanza inapoonekana, na kwa chanjo inayotolewa ng'ombe akiwa bado mzima. Makala haya yanaeleza hatua hizo na sababu za kila moja.

KUPE ANAVYOAMBUKIZA

Ndigana kali husababishwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho kiitwacho Theileria parva. Kimelea hiki hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kujibanza masikioni mwa ng'ombe, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus appendiculatus. Ugonjwa hauambukizwi kwa pumzi, kwa maziwa wala kwa ng'ombe kulala zizi moja. Pasipo kupe huyu, ng'ombe mgonjwa na ng'ombe mzima wanaweza kukaa pamoja bila madhara. Binadamu pia hapati ndigana kali.

Kupe wa masikio hupitia hatua tatu za maisha baada ya kuanguliwa, na katika kila hatua hupanda juu ya mnyama, hunyonya damu kwa siku kadhaa, kisha huanguka ardhini kujibadili. Kwanza huwa mchanga mwenye miguu 6, mdogo mfano wa chembe ya mchanga. Akishiba huanguka na kugeuka kupe kijana mwenye miguu 8. Naye akishiba huanguka tena na kuwa kupe mpevu. Jike mpevu akinyonya hadi akavimba, huanguka mara ya mwisho, hutaga maelfu ya mayai majanini, na hufa.

Mayai hayo huangua kupe wasio na kimelea cha ndigana kali. Kupe hukipata pale tu anaponyonya damu ya ng'ombe mwenye nacho, na hukipeleka kwa ng'ombe mwingine katika hatua inayofuata ya maisha yake. Aliyekichukua akiwa mchanga huambukiza akiwa kijana, na aliyekichukua akiwa kijana huambukiza akiwa mpevu. Kupe mpevu anaweza kuvumilia njaa majanini kwa muda mrefu, hata kupita mwaka mmoja. Kwa hiyo zizi ambalo ng'ombe wake alikufa mwaka jana si lazima liwe salama mwaka huu.

Jambo ambalo mfugaji anapaswa kulishika kuliko yote ni hili: kupe haambukizi ndigana kali dakika anapouma. Kimelea kilichomo katika tezi za mate yake huwa hakijakomaa. Huanza kukomaa kupe anapoanza kunyonya, na kwa kawaida huhitaji siku 3 hadi 4 kabla ya kuingia kwa wingi katika mwili wa ng'ombe. Katika siku hizo za mwanzo kupe bado ni mdogo, hajavimba, na ni rahisi kutomwona. Mfugaji anayesubiri kupe wavimbe kama punje za maharage ndipo aogeshe, huwa amechelewa. Kupe aliyevimba amekwisha kumaliza kazi yake.

HISTORIA YENYE FUNZO

Ugonjwa huu ni mkazi wa siku nyingi wa Afrika Mashariki. Daktari Mjerumani Robert Koch aliona vimelea vyake katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1898, ingawa wakati huo alidhani ni ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, Afrika ya kusini ilikuwa imepoteza ng'ombe wengi kwa sotoka na kwa vita kati ya Waingereza na Makaburu. Ng'ombe wa kuziba pengo hilo walichukuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kwa meli. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1902 ugonjwa mpya ulizuka huko na kuua mifugo kwa wingi. Ng'ombe walikuwa wameusafirisha wenyewe.

Utafiti uliofanywa kusini kati ya mwaka 1902 na 1904 ulithibitisha kwamba kupe wa masikio ndiye mwenezaji. Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Transvaal, ndiye ambaye jina lake lilipewa kimelea hicho. Huko Natal, Herbert Watkins-Pitchford alitengeneza utaratibu wa kuogesha ng'ombe kila baada ya siku chache, akianza na kila siku ya tatu, ili kupe auawe kabla ya kupata nafasi ya kuambukiza. Kwa kuunganisha uogeshaji wa namna hiyo, uzio, na udhibiti mkali wa usafirishaji wa mifugo, Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa huo katika miaka ya 1950.

Afrika Mashariki haikuutokomeza, na kando ya Ziwa Victoria sababu ni rahisi kuiona. Joto la wastani na unyevunyevu wa ziwa humfaa kupe wa masikio karibu mwaka mzima, na mvua zinapoanza idadi ya kupe wapevu huongezeka majanini. Aidha, mifugo huingia Nyamagana kila siku kwa barabara ya Misungwi kupitia Buhongwa na kwa barabara ya Magu kupitia Igoma. Funzo la mwaka 1901 linabaki palepale: ng'ombe mgeni huja na kupe wake.

KWA NINI NG'OMBE WA JIRANI HAUGUI?

Wafugaji wengi huuliza kwa nini ng'ombe wa kienyeji huchungwa katika nyika yenye kupe bila kuugua, ilhali chotara wa maziwa hufa akiwa bandani. Jibu linatokana na kinga. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye ndigana kali hukutana na kimelea akiwa mdogo. Baadhi ya ndama hao hufa, mara nyingi bila mtu kuandika popote, na wanaopona hubaki na kinga ya muda mrefu. Kundi la wakubwa linaloonekana halina shida ni kundi la wale waliosalimika.

Chotara na ng'ombe wa kisasa wana uvumilivu mdogo. Wengi wao hulelewa mahali pasipo na kupe wengi, hivyo hukutana na kimelea kwa mara ya kwanza wakiwa wakubwa, na hapo hufa wakiwa na umri wowote.

Kuna jambo la pili lisiloonekana. Ng'ombe aliyepona anaweza kuendelea kubeba vimelea vichache katika damu yake bila dalili yoyote. Kupe anayemnyonya huvichukua, akaanguka njiani au kwenye majani ya uwanja, na baadaye akampanda mtamba wa jirani. Ndiyo maana mfugaji asiyeogesha kwa sababu ng'ombe wake hawaugui huweza kuwa chanzo cha msiba katika boma la pili, bila kujua na bila nia mbaya.

Ng'ombe anayefugwa ndani naye hayuko salama kwa sababu tu hatoki bandani. Majani yanayokatwa kando ya barabara au kwenye mabonde yanaweza kuja na kupe. Inashauriwa majani hayo yasikatwe mahali wanapochungwa ng'ombe wasioogeshwa, na yaanikwe juani kabla ya kulishwa.

HATUA YA KWANZA: KUMWAHI KUPE

Kwa kuwa kupe huhitaji siku kadhaa kabla ya kuambukiza, kuogesha mara moja kwa wiki ndio utaratibu wa kawaida, na mahali penye kupe wengi au wakati wa mvua mtaalamu anaweza kuagiza mara mbili kwa wiki. Kuogesha mara moja kwa mwezi hupunguza kupe wanaoonekana, lakini huacha zaidi ya wiki tatu ambazo kupe wapya wanaweza kupanda, kukomaza kimelea, kuambukiza na kushuka. Siku ya kuogesha ichaguliwe na isibadilishwe. Kaya nyingi hufaulu kwa kuifunga na siku inayojulikana, kwa mfano kila Jumamosi asubuhi.

Katika siku zilizobaki, mfugaji mwenye ng'ombe wachache ana kinga isiyogharimu chochote: kukagua masikio kwa mkono kila jioni. Akague ndani ya sikio, nyuma yake, kuzunguka macho, chini ya mkia, kwenye kiwele na kati ya mapaja. Kupe aliyepatikana ang'olewe taratibu akiwa mzima, kisha achomwe moto. Asipondwe kwa kidole wala kutupwa chini.

Dawa ichanganywe kama lebo inavyoagiza, kwa chombo cha kupimia. Tuseme lebo inaagiza mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Bomba la lita 20 litahitaji mililita 2 mara 20, yaani mililita 40. Anayekadiria kwa kifuniko cha chupa na kuweka mililita 15 ameokoa fedha kidogo, lakini amewaogesha kupe kwa dawa isiyowaua. Kupe wanaosalimika huzaa wengine wenye usugu, na baada ya misimu kadhaa dawa hiyo haitawafaa wafugaji wote wa mtaa. Vilevile haifai kuongeza dawa kupita kipimo au kuchanganya aina mbili kwa kubahatisha. Ikiwa kupe hawafi, taarifa itolewe kwa afisa mifugo ili aelekeze aina nyingine.

Ng'ombe mkubwa huhitaji lita 5 hadi 10 za dawa iliyochanganywa ili alowe mwili mzima. Kunyunyiza mgongoni pekee ni kumlinda ng'ombe mahali ambapo kupe wa masikio hakai. Masikio, shingo, tumbo, mapaja na chini ya mkia vilowe. Kazi ifanyike asubuhi pasipo mvua, ng'ombe akiwa amekwisha kunywa maji, na mnyunyizaji avae glavu, mabuti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Punda asinyunyizwe dawa ya ng'ombe bila ushauri, kwa sababu dawa yenye amitrazi inaweza kumdhuru.

ZIWA SI JOSHO

Wakazi wa Luchelele, Butimba, Mkuyuni na maeneo mengine ya mwambao wana wajibu wa ziada. Dawa nyingi za kuua kupe, hasa za kundi la pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini wanaoliwa na samaki, hata zikiwa kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inaweka umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kama eneo la hifadhi. Ng'ombe wasinyunyiziwe dawa ufukweni wala kupelekwa kunywa ziwani wakiwa bado wamelowa. Bomba na ndoo visisuuzwe ziwani, mtoni wala kwenye mitaro ya mvua inayoelekea ziwani. Chupa tupu zitobolewe ili zisitumike kuwekea maziwa, mafuta au maji ya kunywa. Maji ya bomba yanayotumiwa na jiji yanavutwa kutoka ziwa hilohilo.

HATUA YA PILI: KUTAMBUA DALILI SIKU YA KWANZA

Kwa kawaida dalili huonekana kati ya siku 8 na 25 baada ya kupe mwenye kimelea kuanza kunyonya. Dalili zenyewe hufuatana hivi:

Kwanza, tezi za mitoki huvimba. Huanza iliyo chini ya sikio, kisha iliyo mbele ya bega na iliyo mbele ya paja. Mfugaji aliyezoea kumpapasa ng'ombe wake akiwa mzima atatambua tofauti mapema.

Pili, homa hupanda. Joto la kawaida la ng'ombe ni takriban nyuzi 38.5. Katika ndigana kali huweza kufika nyuzi 40 hadi 42. Katika siku hizi ng'ombe anaweza kuwa bado anakula, na huu ndio wakati matibabu yanapofanikiwa zaidi.

Tatu, ng'ombe huacha kula na kucheua, maziwa hupungua ghafla, machozi hutiririka na jicho huweza kuingia ukungu.

Nne, hukohoa, hupumua kwa haraka na kwa shida, na povu hutoka puani. Baadhi huharisha. Kifo huweza kufuata ndani ya siku chache, kwa sababu mapafu hujaa maji.

Kumchoma kwa chuma cha moto kwenye tezi hakuondoi kimelea, ambacho wakati huo kimekwisha kuenea ndani ya chembe za damu nyeupe mwilini kote. Humwongezea tu ng'ombe maumivu na kidonda, na humpotezea mfugaji siku.

Magonjwa mengine yaletwayo na kupe hufanana na ndigana kali kwa homa, lakini hutofautiana kwa ishara na kwa tiba. Ndigana baridi huwafanya ng'ombe, hasa wakubwa, wawe na ufizi mweupe au wa manjano, wadhoofike na kutoa kinyesi kigumu. Huweza pia kuenezwa na sindano iliyotumiwa kwa ng'ombe zaidi ya mmoja. Mkojo mwekundu hujitambulisha kwa jina lake. Maji moyo huwapata pia mbuzi na kondoo. Mnyama huzunguka, hunyanyua miguu juu akitembea, huanguka na kutupatupa miguu, na mara nyingine hufa ghafla.

Hapa ndipo lilipo kosa linaloua ng'ombe wengi. Oksitetrasaiklini hutibu ndigana baridi, na ikiwahi husaidia maji moyo, kwa kuwa yote mawili huletwa na bakteria. Haitibu ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili. Ndigana kali huhitaji dawa ya kundi lake, kama vile buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri inapotolewa mapema. Mkojo mwekundu nao huhitaji dawa nyingine, kama vile diminazini. Mfugaji anayemchoma ng'ombe sindano kwa kubahatisha hununua matumaini ya siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa za kumponya.

Kwa hiyo joto likipanda na tezi ikivimba, afisa mifugo wa kata aitwe siku hiyohiyo. Pale inapohitajika, sampuli ya damu au ya majimaji ya tezi huchukuliwa kabla ya dawa kutolewa na kupimwa kwa darubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo cha kanda hapa Mwanza kinachohudumia uchunguzi wa namna hiyo. Ng'ombe anayetibiwa awekwe kivulini, apewe maji na majani laini, na asiswagwe umbali mrefu. Maziwa na nyama visitumiwe na binadamu hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa zitimie. Mzoga usichunwe wala kugawanywa mtaani. Taarifa itolewe kwa mtaalamu ili athibitishe chanzo cha kifo na kuelekeza utupaji wake.

HATUA YA TATU: CHANJO

Chanjo ya ndigana kali ipo, na asili yake ni Afrika Mashariki. Ilitokana na kazi ya watafiti wa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970. Ng'ombe mzima huchomwa kiasi kilichopimwa cha vimelea hai, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini inayodumu muda mrefu mwilini. Dawa hiyo hudhoofisha maambukizi, nao mwili hupata nafasi ya kujijengea kinga. Hapa oksitetrasaiklini ina kazi, kwa sababu imetolewa siku ileile vimelea vinapoingia. Dawa isiyofaa katika wiki ya pili ni msaada mkubwa katika siku ya kwanza.

Chanjo hii hutolewa mara moja, na kinga yake hudumu kwa muda mrefu. Nchini Tanzania imetumiwa kwa miaka mingi na wafugaji wa mikoa ya kaskazini. Kwa kuwa vimelea ni hai, huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali mno, hivyo hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa. Haiwezi kuwekwa katika jokofu la nyumbani wala kuuzwa mkononi. Majirani wakijiandikisha pamoja, kazi huwa rahisi na gharama za mtaalamu hugawanyika. Ng'ombe aliyechanjwa aangaliwe kwa karibu katika wiki tatu zinazofuata, na akionyesha homa mtaalamu ajulishwe.

Mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza, chanjo hii haimkingi ng'ombe na ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo, kwa hiyo kuogesha huendelea. La pili, wapo wafugaji wanaoona heleni sikioni na kuamini kuwa ng'ombe amekingwa na kila ugonjwa. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 inawalenga ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Homa ya mapafu ni ugonjwa mwingine, na heleni ya kampeni hiyo haina maana kwamba ng'ombe amechanjwa ndigana kali. Mfugaji aulize na kuandikiwa: amechanjwa chanjo ipi, na tarehe gani.

NG'OMBE MGENI

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inaweka udhibiti wa usafirishaji wa mifugo, na ndiyo sababu ng'ombe anayehamishwa anapaswa kuwa na kibali. Kibali hicho humpa mnunuzi fursa ya kujua mnyama ametoka wapi na kama eneo hilo lina ugonjwa. Ng'ombe aliyenunuliwa anyunyiziwe dawa kabla hajaingia zizini, atengwe kwa muda wa wiki tatu hadi nne, apapaswe tezi kila siku na kupimwa joto kila inapowezekana. Laiti mtamba wa mfano wetu angetengwa na kupapaswa hivyo, uvimbe ungegunduliwa siku yake ya kwanza.

DAFTARI LA ZIZI

Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja na mwenye ng'ombe hamsini wote wanahitaji daftari. Liandikwe tarehe ya kuogesha, jina la dawa na kipimo, tarehe ng'ombe mgeni alipoingia, chanjo aliyopewa, na siku dalili yoyote ilipoonekana. Mtaalamu anapofika, daftari humweleza katika dakika moja mambo ambayo kumbukumbu za familia hubishania kwa nusu saa. Mtoto wa shule anayejua kusoma tarehe anaweza kukabidhiwa kazi hiyo, na atajifunza mengi kwayo.

Huduma za ushauri wa mifugo hutolewa na maafisa mifugo wa kata chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Mkazi asiyemfahamu afisa wake aulize katika ofisi ya mtendaji wa kata au wa mtaa, na aandike namba yake ya simu kwenye jalada la daftari la zizi leo hii, wakati ng'ombe bado anakula vizuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa ndigana kali, ufa huonekana siku chache tu kabla ukuta haujaanguka.